UZI: Kushtakiwa si kuhukumiwa, na kesi kuondolewa si kesi kuisha

1/ Kila mwanasiasa akipelekwa kortini, mitandao inagawanyika kabla hata hakimu hajaketi. Upande mmoja: "Mwizi ameshikwa, afungwe." Upande wa pili: "Anaonewa, hii ni siasa." Miezi kadhaa baadaye kesi inaondolewa, na sasa wa kwanza wanalia kwamba kuna mkono wa mtu, wa pili wanasherehekea ati korti imemsafisha. Nimefuatilia mijadala hii miaka mingi na naona pande zote zinatumia maneno manne kama neno moja: kukamatwa, kushtakiwa, kuondolewa mashtaka, kuachiliwa huru. Uzi huu ni wa kuyatenganisha, kwa historia yetu wenyewe. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukitaka kumpigania mtu wako, nyuzi ziko nyingi.

2/ Hoja yangu ni moja. Katika kesi ya jinai, mwenye nguvu kuliko wote ni yule anayeamua nani ashtakiwe, kwa kosa gani, na faili ifungwe lini. Tuiite kalamu. Hakimu hupata kile ambacho kalamu imeandika. Na karibu kila haki ya mshtakiwa unayoisoma kwenye Katiba ya 2010 imo pale kwa sababu kuna wakati kalamu hiyo ilitumika vibaya. Twende polepole.

3/ Kanuni ya Adhabu, ile sheria ambayo polisi hunukuu wakikuandikia mashtaka, ilianza kutumika mwaka 1930. Iliandikwa kwa ajili ya koloni. Pembeni yake kulikuwa na sheria za uzururaji na za kipande, ambazo zilimfanya Mwafrika aonekane mhalifu kwa kutembea tu mahali ambapo hakutakiwa. Yaani tangu mwanzo mashtaka yalikuwa na kazi mbili: kuadhibu uhalifu, na kuwapanga watu. Kazi hiyo ya pili haikuondoka na Mzungu.

4/ Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Viongozi sita wakashtakiwa kwa kusimamia chama haramu. Kesi ikapelekwa Kapenguria, mbali na Nairobi, mbali na simu, mbali na watu. Hakimu alikuwa jaji mstaafu aliyeteuliwa maalum kwa kesi hiyo. Aprili 1953 wakapatikana na hatia na kupewa miaka 7 na kazi ngumu. Mwaka 1958 shahidi mkuu wa serikali alikula kiapo kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo na kwamba alikuwa ameahidiwa malipo. Unajua kilichofuata? Alishtakiwa yeye, kwa kuapa kiapo hicho cha pili, akafungwa. Mwenye kalamu aliamua uongo upi ni kosa.

5/ Kesi nyingine ya kukumbuka ni ya Dedan Kimathi. Alikamatwa Oktoba 1956, na mwezi uliofuata akawa mbele ya Jaji Mkuu wa koloni mjini Nyeri. Dola ilimwona kama jemadari wa vita vya msituni, lakini karatasi ya mashtaka haikusema vita. Ilisema bastola na risasi. Chini ya kanuni za hali ya hatari, kupatikana na bunduki kulitosha kunyongwa. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Katika miaka hiyo, zaidi ya watu 1,000 walinyongwa baada ya kupitishwa kortini. Kwa hivyo mtu akikuambia "lakini alipelekwa mahakamani," muulize alipelekwa kwa sheria gani.

6/ Uhuru ulipokuja, sheria nyingi zilibaki. Mwaka 1966 Bunge likapitisha sheria ya kulinda usalama wa umma, na mtu akaweza kuzuiliwa bila kushtakiwa kabisa. Hapa wengi huteleza. Wanasema heri kuzuiliwa, kwa kuwa huna rekodi ya jinai. La hasha. Asiye na shtaka hana tarehe ya kusikizwa, hana shahidi wa kuhoji, hana hukumu ya kukatia rufaa. Shtaka, hata likiwa baya, lina mlango. Kizuizi kilikuwa ukuta mtupu.

7/ Miaka ya 1980 dola ilijifunza njia nyingine: tumia korti yenyewe. Kati ya 1986 na 1988 watu wengi, wakiwemo wahadhiri na wanafunzi, walishtakiwa kwa uchochezi na kwa kujiunga na vuguvugu la siri. Wengi walikuwa wameshikiliwa kwanza kwenye vyumba vya chini vya Nyayo House, ambako waliteswa. Kisha wakaletwa kortini jioni, saa za kufunga, bila wakili, na wakakubali mashtaka. Kesi ya dakika chache, kifungo cha miaka. Kwenye makaratasi kila kitu kilikuwa sawa: shtaka limesomwa, mshtakiwa amekiri. Miaka mingi baadaye Mahakama Kuu iliamuru wengi wao walipwe fidia kwa mateso yale.

8/ Ukitaka kuona jinsi yale yaliwezekana, angalia Katiba ya wakati ule ilivyochunwa. Mwaka 1988 mabadiliko yaliwaondolea majaji ulinzi wa kazi zao, na wakati huohuo yakawapa polisi siku 14 za kumshikilia mshukiwa wa kosa la kifo, badala ya saa 24. Majaji walirudishiwa ulinzi mwaka 1990. Siku 14 zilibaki kwenye vitabu hadi 2010. Siku 14 ndani ya seli bila kumwona hakimu ni muda mrefu sana kwa mtu anayetakiwa "kukumbuka" kitu.

9/ Na makosa ya kifo yalikuwa yapi? Mauaji, uhaini, wizi wa mabavu na kujaribu wizi wa mabavu. Kabla ya 2010, haya hayakuwa na dhamana. Sasa fikiria kama mwenye kalamu. Kuna mtu anakusumbua na hutaki awe nje wakati kesi inaendelea. Ukimwandikia uchochezi, anaweza kupata dhamana. Ukimwandikia wizi wa mabavu, ameenda rimandi hadi mwisho. Katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na kesi Nakuru ambapo wakosoaji wa serikali walishtakiwa kwa kujaribu wizi wa mabavu kwenye kituo cha polisi. Walikaa ndani karibu miaka miwili, dunia nzima ikitazama. Mwishowe hakimu aliwapata baadhi yao na hatia ya kosa dogo kuliko lile waliloshtakiwa nalo. Lakini ile miaka ilikuwa imeshaliwa. Adhabu ilitangulia hukumu.

10/ Nani alishika kalamu wakati huo wote? Mwanasheria Mkuu. Huyohuyo ndiye alikuwa mshauri wa serikali, wakili wa serikali na mwendesha mashtaka. Katiba ya zamani, kifungu cha 26, ilimpa uwezo wa kuanzisha kesi, kuichukua kesi aliyoanzisha mtu mwingine, na kuisimamisha wakati wowote kabla ya hukumu. Alichohitaji ni kuiambia korti kwamba Jamhuri haitaendelea, na hakimu hakuwa na la kusema. Mwananchi alipojaribu kushtaki wakubwa kwa kesi yake binafsi, Mwanasheria Mkuu aliweza kuingia, kuichukua na kuizima. Hii ndiyo mizizi ya ule msemo wetu wa "faili imekaliwa."

11/ Huko chini kwenye mahakama za mahakimu, wakuu, hali ilikuwa nyingine kabisa. Kwa miongo mingi aliyesimama kuendesha mashtaka alikuwa polisi. Ndugu zake kazini wamekukamata, wamekuandikia, na yeye anakuhoji kortini. Sheria ilisema asiwe chini ya cheo cha inspekta msaidizi, lakini kesi nyingi ziliendeshwa na makoplo na masajini. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ikasema kesi iliyoendeshwa na mtu asiye na cheo hicho ni batili. Wafungwa wakaanza kutazama upya mafaili yao kuona nani alisimama upande wa mashtaka siku ile, na kuna walioachiliwa kwa hoja hiyo peke yake.

12/ Kwa haki yao, kuna majaji waliothubutu hata enzi zile. Mwaka 1986 Mahakama Kuu ilizuia kesi ya mwanabenki mmoja aliyeshtakiwa kwa makosa ya fedha za kigeni. Uamuzi wa kutomshtaki ulikuwa umeshafanywa, miaka ikapita, kisha faili ikafufuliwa. Majaji wakasema huko ni kutumia korti kumwonea mtu. Mwaka 2001 Mahakama Kuu tena ilisimamisha kesi dhidi ya aliyekuwa mkubwa serikalini, ikieleza kwamba mashtaka yasiyo na msingi wa ushahidi yanazua shaka kuhusu nia ya anayeshtaki. Kumbukeni kesi hizi mbili. Zinanukuliwa kortini hadi leo, na nitazirudia chini.

13/ Kisha mageuzi yakaanza kuja vipande vipande. Mwaka 1997 vifungu vya uchochezi vikafutwa, sheria ya uzururaji ikafutwa, na mamlaka ya kuzuilia watu bila kesi yakaondolewa. Maandamano nayo yakahama kutoka kuomba leseni hadi kutoa taarifa kwa polisi, siku 3 hadi 14 kabla. Mwaka 2003 viboko vikaondolewa kama adhabu ya korti, na kukiri mbele ya polisi wa kawaida kukakoma kuwa ushahidi. Ukiona kila badiliko, rudi juu utafute jeraha lake. Nyayo House ilizaa hilo la kukiri.

14/ Halafu 2010. Kalamu ikatolewa kwa Mwanasheria Mkuu na kupewa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Ibara ya 157. Anahudumu miaka 8, muhula mmoja, haongezewi. Hapokei amri ya mtu yeyote kuhusu nani ashtakiwe. Lazima azingatie maslahi ya umma na azuie matumizi mabaya ya sheria. Na jambo ambalo watu hulisahau: hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya korti. Huo mstari mmoja ni jibu la miaka ya faili kukaliwa. Hakimu sasa anaweza kuuliza, "Kwa nini mnaondoa?" Kama haulizi kwa nguvu, hilo ni swali kwa hakimu, lakini mlango upo.

15/ Sasa turudi kwenye yale maneno manne, tukiwa na historia mkononi.

KUKAMATWA. Polisi wana shaka, basi. Ibara ya 49 inasema uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa, una haki ya kunyamaza, una haki ya kuongea na wakili, na ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi korti ikiwa imefungwa. Ndiyo maana watu hukamatwa Ijumaa jioni. Siyo bahati mbaya kwamba mnaona hivyo mara kwa mara.

16/ Kuna mtego hapo. Siku hizi polisi wanaweza kukufikisha kortini ndani ya saa 24 bila shtaka lolote, wakamwomba hakimu siku kadhaa za "kukamilisha uchunguzi". Hapo hujashtakiwa. Hujakubali wala kukana chochote. Wakili wako anaweza kupinga, na hakimu anatakiwa aambiwe sababu za kweli. Chini ya sheria ya kuzuia ugaidi ya 2012, siku hizo zinaweza kuongezwa hadi 90. Kwa hivyo jina la kosa lina maana kubwa hata kabla ya shtaka lenyewe, kama ilivyokuwa kwa wizi wa mabavu zamani.

17/ KUSHTAKIWA. Hapa ndipo karatasi ya mashtaka inasomwa na unaulizwa: ni kweli au si kweli? Nawaomba vijana wote mnaosoma hapa: msikubali mashtaka ili "yaishe haraka mwende nyumbani." Ukikubali, huwezi kukata rufaa dhidi ya hatia, unabaki na rufaa juu ya adhabu tu, na uhalali wake. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki wa mwaka 1973, hakimu anatakiwa kukuelezea kila sehemu ya kosa kwa lugha unayoielewa, kisha maelezo ya kisa yasomwe, na ukiyapinga, aandike kwamba umekana. Haya mambo yana uzito kwa sababu ya zile jioni za 1986.

18/ DHAMANA. Tangu 2010 kila kosa lina dhamana, hata mauaji, isipokuwa mashtaka yaonyeshe sababu nzito za kuikataa. Kwa hivyo mtu wa kesi ya mauaji akitoka kwa bondi, hakuna aliyenunuliwa; ni Ibara ya 49. Dhamana ya pesa taslimu unaiweka kortini na unarudishiwa kesi ikiisha, mradi ulikuwa unafika. Weka risiti, jameni. Bondi inataka mdhamini mwenye hati ya shamba au ya gari. Na kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, hupaswi kuwekwa rimandi kwa ajili yake. Korti ikiweka kiwango usichokiweza, unaweza kuomba Mahakama Kuu ikipunguze.

19/ USHAHIDI. Zamani ungeingia kwenye kesi bila kujua mashahidi watasema nini. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ikasema mshtakiwa lazima apewe taarifa za mashahidi mapema, na 2010 ikaandikwa kwenye Ibara ya 50. Desemba 2014 Bunge lilijaribu kupitia sheria za usalama kuruhusu mashtaka yafiche baadhi ya ushahidi. Februari 2015 Mahakama Kuu ikakitupa kifungu hicho pamoja na vingine. Kwa hivyo mkisikia kesi imeahirishwa kwa sababu "upande wa utetezi haujapewa nakala," wakati mwingine ni mbinu ya kuchelewesha, lakini haki yenyewe ililipiwa.

20/ KUONDOLEWA MASHTAKA. Hapa ndipo mitandao hupotea kabisa, basi someni mara mbili. Chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, kesi ikiondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, anatoka, lakini ANAWEZA KUSHTAKIWA TENA kwa mambo yaleyale. Hajasafishwa. Faili imelazwa kabatini tu. Ikiondolewa baada ya yeye kuitwa kujitetea, hapo lazima aachiliwe huru, na dola haiwezi kurudi.

21/ Ndiyo maana mimi hushtuka nikiona watu wanashangilia 87(a). Mwanasiasa aliyeondolewa kesi kwa njia hiyo ana kamba shingoni, na anayeshika ncha ya pili ni mwenye kalamu. Akiwa mtiifu, kamba inalegea. Akianza kelele, inakazwa. Inawezekana kabisa kesi iliondolewa kwa haki, kwa kuwa ushahidi haukuwepo. Inawezekana pia ushahidi ulikuwepo na umewekwa akiba. Sisi tulio nje hatuwezi kujua kwa kuangalia nani amehamia upande gani. Tunaweza kuuliza sababu iliyotolewa kortini, na kama hakimu aliridhika nayo. Na ile kesi ya mwanabenki ya 1986 ndiyo dawa ya mtu ambaye faili yake imefufuliwa kwa hila.

22/ KUACHILIWA HURU. Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni "hana kesi ya kujibu": mashtaka wamemaliza mashahidi wao na hakimu haoni hata sababu ya kumwita mshtakiwa ajitetee. Ya pili ni hukumu ya mwisho baada ya pande zote kusikizwa. Zote mbili zinamaliza mambo, isipokuwa mashtaka wakate rufaa. Mtu huyo ana haki ya kusema korti imemwachilia. Wa 87(a) hana haki hiyo.

23/ Sasa matokeo. Je, kushtakiwa kunamzuia mtu kuwania kiti? Hapana. Ibara ya 99 inamzuia mwenye kutumikia kifungo cha angalau miezi 6, na hata huyo hazuiwi hadi njia zote za rufaa ziishe. Ukiona mtu anawania akiwa na kesi tatu, lawama si ya tume. Ni Katiba inasema mtu hana hatia hadi ithibitishwe. Kama unamwona hafai, debe ni lako. Usimpe mwenye kalamu uwezo wa kuchagua wagombea kwa kuwashtaki. Hebu fikiria kalamu ya 1986 ikiwa na uwezo huo.

24/ Lakini kuna matokeo yanayoanza siku ya shtaka. Chini ya sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003, afisa wa umma aliyeshtakiwa kwa ufisadi husimamishwa kazi kwa nusu mshahara. Akipatikana na hatia, anafungiwa nje ya utumishi wa umma kwa miaka 10. Mwaka 2019 korti ilianza kuwazuia magavana walioshtakiwa kukanyaga ofisini, kama sharti la dhamana. Wengi tulifurahi. Bado naamini kulikuwa na busara ndani yake, kwa sababu mtu hawezi kulinda pesa anazodaiwa kuiba. Ila tujue tulichofanya: tumeipa kalamu uwezo wa kumtoa mtu ofisini kabla ya shahidi wa kwanza.

25/ Kwa mwananchi wa kawaida, adhabu kabla ya hukumu ni kali zaidi. Hana wa kumlipia mdhamini. Kila kesi "kutajwa" ni nauli, ni siku ya kazi imekwenda. Alama za vidole zimeshachukuliwa. Mwajiri ameshasikia. Baada ya maandamano ya Juni 2025 kuna vijana walioshtakiwa kwa sheria ya ugaidi, ambayo kosa lake kuu lina kifungo cha hadi miaka 30. Sisemi nani ana hatia. Hiyo ni kazi ya korti. Nasema historia yetu inatufundisha kuuliza swali moja kila tunapoona shtaka zito kuliko kisa: uzito huu ni wa ushahidi, au ni wa kumweka mtu ndani?

26/ Ukijikuta wewe ndiye mshtakiwa, njia zako ni hizi:

• Nyamaza kuhusu kisa hadi uwe na wakili. Toa jina lako, basi.
• Huna pesa za wakili? Ibara ya 50 inakupa wakili wa serikali pale ambapo bila yeye kutatokea dhuluma kubwa. Sheria ya msaada wa kisheria ya 2016 iliunda huduma ya taifa. Iombe kwa mdomo hapohapo kortini, hakimu aandike.
• Omba mkalimani kama lugha inakupiga chenga. Ni bure.
• Omba taarifa za mashahidi na karatasi ya mashtaka kabla ya kusikizwa.
• Makubaliano na mashtaka yapo tangu 2008: unaweza kukubali kosa dogo ili kubwa liondolewe. Hayatumiki kwa makosa ya kingono. Yafanye na wakili pekee.

27/ Zinaendelea:

• Ukitakiwa kujitetea, una njia tatu: kiapo na kuhojiwa, maelezo bila kiapo, au kunyamaza.
• Hatia si lazima iwe jela. Kuna msamaha wenye masharti, uangalizi wa afisa wa probesheni, na tangu 1998 kuna kazi za jamii.
• Rufaa kutoka kwa hakimu: siku 14. Zihesabu.
• Kama kesi yenyewe ni uonevu, ombi la kikatiba Mahakama Kuu, kwa njia ya zile kesi za 1986 na 2001. Ni njia nyembamba. Korti haipendi kuingilia kazi ya mashtaka bila sababu nzito.
• Ukishinda na kesi ilikuwa ya chuki, unaweza kudai fidia. Dhidi ya serikali una miezi 12 tu.

28/ Kuna njia nyingine ambayo sisi wa mitandao tunapaswa kuipenda: kushtaki sheria yenyewe. Aprili 2016 mtu aliyeshtakiwa kwa chapisho la mtandaoni aliipeleka sheria kortini, na kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kikafutwa. Februari 2017 kashfa kama kosa la jinai nayo ikaanguka. Desemba 2017, wafungwa wawili wa kesi ya mauaji wakaifanya Mahakama ya Juu kuondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji. Mwaka 2018 wanablogu wakapata vifungu 26 vya sheria ya uhalifu wa mitandaoni visimamishwe, ingawa Februari 2020 Mahakama Kuu ikavirejesha. Unashinda, unashindwa, unarudi. Hawa wote walianza wakiwa upande dhaifu wa karatasi.

29/ Kwa hivyo mkisikia tena "fulani ana kesi", kabla ya kuchagua upande, ulizeni:

• Amekamatwa tu, au ameshtakiwa?
• Karatasi inasema kosa gani hasa, na adhabu yake ni nini?
• Shtaka linalingana na kisa, au limepandishwa?
• Kesi ilianza lini, na kisa kilitokea lini?
• Kama imeondolewa: ni 87(a), au ni kuachiliwa huru? Sababu gani ilisomwa kortini?

Majibu ya maswali haya mengi husemwa wazi kortini, na wanahabari wa korti huyaandika. Tatizo ni kwamba tunasoma kichwa cha habari na kuruka.

30/ Neno la mwisho. Kila serikali iliyokuja Kenya, tangu ya Mzungu, imeikuta kalamu mezani na kila moja imeona utamu wake. Leo unashangilia kwa sababu imemwandika mtu usiyempenda. Utawala hubadilika. Kalamu hubaki palepale, na sheria mliyoipigia makofi ikimkaza jirani itakuwa ileile siku ikigeuzwa kwenu. Mtetee mshtakiwa usiyempenda apate saa zake 24, wakili wake na nakala zake. Akiwa mwizi, atafungwa akiwa na haki zake zote, na hukumu hiyo itasimama kwenye rufaa.

Sambaza kwa yule rafiki anayesema "korti imemsafisha."